Wageni wa mizizi ya maharagwe nao hutaka vitamini

Je, msomaji, umewahi kung'oa mmea wa maharagwe ukaona vijipu vidogo vidogo vimeng'ang'ania mizizi yake? Sisi tuliokulia mashambani tuliviona tangu tukiwa watoto wa kutumwa kuni. Wengine tuliambiwa ni ugonjwa, wengine tukaambiwa ni mayai ya wadudu, na wengi hatukuuliza. Ukweli wa mambo ni kwamba vijipu hivyo, ambavyo wataalamu huviita vinundu, ni makao. Ndani yake wanaishi bakteria wa jamii iitwayo raizobia, viumbe wadogo mno hivi kwamba ukiwapanga 500 hivi kwa mstari mmoja watafika milimita moja tu.

Udogo wao usikudanganye. Hewa unayoivuta ukisoma gazeti hili, takriban asilimia 78 yake ni naitrojeni, kirutubishi kile kile unachokinunua dukani ndani ya gunia la mbolea. Lakini mmea hauwezi kukichukua kikiwa hewani. Mahindi yako yanaweza kusimama katikati ya bahari ya naitrojeni huku majani yakigeuka manjano kwa njaa. Raizobia ndio wenye ufunguo. Wao huinasa naitrojeni ya hewa, wakaigeuza iwe chakula ambacho mmea unaweza kukitumia. Ndiyo maana maharagwe, kunde, ndengu, mbaazi, njahi, soya na njugu karanga huweza kumea hata pale ambapo mahindi yamekata tamaa.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Raizobia ni wageni wa namna hiyo hasa. Na katika nchi ambamo mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lilipita shilingi 6,000, hata serikali ikalazimika kuleta ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka huo, kisha 2,500 mwaka 2023, mgeni anayekuletea naitrojeni bila kudai pesa ni mgeni wa kuchinjiwa jogoo.

Hata hivyo, kila mgeni ana tumbo. Kwamba mmea huwapa raizobia sukari, hilo limejulikana kwa muda mrefu na hufundishwa shuleni. Jambo ambalo halisemwi sana, na ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, ni kwamba wengi wa bakteria hawa hawawezi kuishi kwa sukari peke yake. Wanahitaji vitamini. Ndiyo, vitamini zile zile za kundi B ambazo daktari hukuambia umpe mtoto.

Usishangae sana. Chukua mfano wa mbuzi wako pale nyuma ya jikoni. Mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini mwake na wala hana haja ya chungwa. Wewe huwezi, lazima uipate kwenye matunda na sukumawiki, la sivyo fizi zitaanza kutoka damu. Kwa hivyo kitu ambacho kwa mbuzi si chochote, kwako ni chakula cha lazima. Hali ni hiyo hiyo kwa bakteria. Wapo wanaojitengenezea kila kitu na wapo ambao wamekosa ufundi wa kutengeneza kimoja au viwili, basi wanategemea jirani. Vitu hivyo vinavyohitajika kwa kiasi kidogo mno, lakini ambavyo kikikosekana kimoja kiumbe hakikui, ndivyo wataalamu wa viumbe vidogo huviita visaidizi vya ukuaji.

Kitu kimoja, majina matatu

Hadithi ya jinsi jambo hili lilivyogunduliwa ni tamu, na ninakuomba uvumilie nikupeleke Ulaya na Marekani kabla ya kurudi shambani.

Mwaka 1886, Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, waliwatangazia wanasayansi waliokutana mjini Berlin kwamba njegere zilizopandwa katika mchanga uliochomwa hadi ukakosa kiumbe chochote hudhoofika, lakini ukimwagia maji yaliyochujwa kutoka kwa udongo wa kawaida, hupata vinundu na kunawiri. Miaka miwili baadaye, mwaka 1888, Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuwatoa bakteria ndani ya vinundu na kuwakuza peke yao katika maabara.

Kuwakuza ndiko kulikoleta kitendawili. Watafiti walipowapikia bakteria hawa chakula safi cha sukari na chumvichumvi zilizopimwa vizuri, mara nyingi walikataa kukua. Ukitia kidogo cha hamira au cha maji ya mimea, wanaamka. Ni kama mtoto mkaidi anayekataa uji mweupe hadi umtilie kitu asichotaka kukitaja. Mwaka 1933, watafiti Franklin Allison, Sam Hoover na Dean Burk, waliokuwa wakifanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, waliandika kwamba kipo kitu fulani ambacho raizobia hawawezi kukua bila hicho. Walidhani kinahusiana na jinsi bakteria wanavyopumua, wakakiita koenzaimu R, herufi R ikitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kupumua.

Wakati huo huo, watu wengine kabisa walikuwa wakihangaika na mambo yasiyohusiana na maharagwe hata chembe. Jijini London, mwaka 1927, mama mmoja mtafiti kwa jina Margaret Boas aligundua kwamba panya wanaolishwa ute mweupe wa yai ukiwa mbichi hupata ugonjwa wa ngozi na kunyonyoka manyoya, na kwamba wakipewa maini hupona. Mtaalamu Paul György aliendelea na suala hilo na kukiita kile kitu kilicho ndani ya maini vitamini H, kutokana na neno la Kijerumani la ngozi.

Naye Fritz Kögl wa Utrecht, Uholanzi, alikuwa akikitafuta kitu kinachoifanya hamira ikue. Mwaka 1936, yeye na mwenzake Tönnis walikipata. Hebu sikia kazi waliyofanya: walichukua kilo 250 za viini vya mayai vilivyokaushwa, yaani karibu magunia matatu ya mahindi kwa uzito, wakavichuja na kuvichuja tena, na mwishowe wakabaki na miligramu 1.1 tu ya kitu chenyewe. Ukiiweka kiganjani, upepo wa mlango unaipeperusha. Wakakiita biotini.

Sasa msomaji, umekwisha kuona mambo yanakoelekea. Mwaka 1939, P. M. West na P. W. Wilson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba koenzaimu R ya bakteria wa mikunde inafanana na biotini ya hamira. Mwaka uliofuata, 1940, György na Burk, pamoja na Vincent du Vigneaud na Donald Melville, wakakamilisha kwa kuthibitisha kwamba vitamini H ya panya nayo ndiyo hiyo hiyo. Kilikuwa kitu kimoja chenye majina matatu, kama mtoto ambaye nyanya amempa lake, shangazi lake na padre lake, na kila mmoja anamwita kwa jina analolijua.

Mimi hupenda kisa hiki kwa sababu kinaunganisha jikoni na shamba. Kitu anachokililia bakteria wa mzizi wa kunde ni kile kile kinachoilinda ngozi ya mwanao, na ni kile kile kinachohitajika na hamira inayoumua mahamri yako. Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa jamii, niongeze hili kwa wale vijana wanaobugia mayai mabichi wakidhani ndiyo njia ya kujenga misuli: ute mbichi una protini iitwayo avidini ambayo huikamata biotini na kuizuia isiingie mwilini. Kupika yai huiharibu avidini hiyo. Chemsha yai, kijana.

Si wote wanaodai

Isidhaniwe kwamba raizobia wote wana matakwa sawa. Hapa ndipo wataalamu walipochoka, kwani hata bakteria wawili waliotolewa katika vinundu vya aina moja ya mmea wanaweza kutofautiana. Wapo wanaohitaji biotini. Wapo wanaodai thiamini, ambayo ni vitamini B1. Wapo wanaotaka asidi ya pantotheni, ambayo ni B5. Wapo wanaotaka mbili kwa pamoja, na wapo wasiotaka lolote, wanaojitengenezea wenyewe kila kitu kama yule mbuzi.

Kuna pia bakteria wengine wa udongo wanaonasa naitrojeni bila kukaa katika mzizi wa mmea wowote. Mmojawapo ni Azotobakta, aliyeelezwa na Beijerinck yule yule mwaka 1901. Huyu hana haja ya vitamini ya kupewa. Hujitengenezea, na nyingine humwagika nje zikawafaa majirani. Allison na wenzake walipokuwa wakiitafuta ile koenzaimu R yao, Azotobakta alikuwa mmoja wa viumbe walikoipata. Udongo, kwa hiyo, ni kama kijiji: kuna nyumba inayopika na kuna nyumba inayokuja kuomba chumvi.

Lakini mpishi mkuu katika kijiji hicho ni mzizi wenyewe. Mwaka 1939, West aliripoti kwamba mizizi ya mimea hutoa thiamini na biotini na kuziachilia katika udongo unaoizunguka. Miaka mingi baadaye, mwaka 1996, watafiti wa California, Wolfgang Streit, Cecillia Joseph na Donald Phillips, walilichunguza jambo hili kwa lusani, yale majani ambayo wafugaji wetu huwakatia ng'ombe wa maziwa. Waliona kwamba biotini kidogo mno huongeza kasi ya raizobia kuzaana na kuenea kwenye mizizi. Ninaposema kidogo mno, nina maana ya viwango ambavyo gramu moja ya biotini yaweza kutosha lita 400,000 za maji, yaani malori 40 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Na walipotia ile avidini ya ute wa yai karibu na mizizi ili iikamate biotini, bakteria walioweza kujishikiza kwenye mizizi walipungua.

Fikiria maana yake. Mbegu inapoota, mzizi hutoa vitamini, na bakteria walio karibu hula, huzaana na kuuzingira mzizi. Wale wenye bahati huingia ndani na kinundu kinaanza kujengwa. Kwa maneno mengine, mwenyeji huanza kumkirimu mgeni kabla mgeni hajabisha hodi. Bakteria wasipoongezeka vya kutosha katika siku hizo za kwanza, vinundu vitakuwa haba, na mkulima atakuja kushangaa mwezi wa pili kwa nini maharagwe yake yana rangi ya majani makavu.

Chakula cha maabara hadi pakiti ya dukani

Pengine unajiuliza, "Haya yote yananihusu nini mimi ninayelima robo ekari?" Yanakuhusu kwa sababu bakteria hawa siku hizi huuzwa. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika bewa lake la Kabete, kina kituo kiitwacho MIRCEN kilichobuni mbolea hai iitwayo Biofix. Baadaye kampuni ya MEA ya Nakuru ilipewa leseni ya kuitengeneza na kuiuza. Isitoshe, mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kufika Kenya na mataifa mengine kadhaa ya Afrika, uliwahimiza wakulima, hasa wa magharibi mwa nchi, kuitumia kwenye soya na maharagwe.

Watengenezaji wa mbolea hai lazima kwanza wawakuze bakteria kwa mabilioni, na hapo ndipo suala la vitamini linapotoka vitabuni na kuwa kazi ya kila siku. Chakula kinachotumiwa katika maabara nyingi duniani kwa kazi hii ni chepesi kukieleza. Kwa lita moja ya maji hutiwa gramu 10 za sukari iitwayo manitoli, chumvichumvi kidogo, na nusu gramu hivi hadi gramu moja ya unga unaotokana na maji ya hamira yaliyokaushwa. Ikiwa wanataka kigande kama mchuzi wa kongoro uliopoa, huongeza aga inayotokana na mwani. Kisha bakteria huwekwa katika joto la nyuzi 28 hivi za Selsiasi. Wenye kasi huonekana baada ya siku tatu hadi tano, na wale wa soya na kunde, ambao ni wazito wa kuamka, huchukua wiki nzima au zaidi.

Kile kidogo cha hamira ndicho kinachobeba biotini, thiamini na vitamini nyingine zote za kundi B kwa pamoja. Badala ya kumuuliza kila bakteria anataka ipi, mpishi huwatandikia zote mezani. Lakini hata hapa kiasi ni kitu. Ukizidisha hamira mara kadhaa, raizobia huvimba, hupoteza umbo lao la kijiti na ukuaji wao hudorora. Shibe nayo ina madhara yake.

Wakishakua, huchanganywa na unga laini wenye unyevu wa kuwahifadhi na kutiwa katika pakiti. Mbolea hai iliyotengenezwa vizuri huwa na bakteria milioni mia kadhaa, hata bilioni moja, katika kila gramu, na wote wako hai. Hebu lirudie neno hilo, msomaji: wako hai. Gunia la DAP unaweza kuliacha stoo mwaka mzima na bado likabaki DAP. Pakiti ya raizobia iliyoanikwa kwenye dirisha la duka likipigwa na jua la saa nane, au iliyofungwa ndani ya buti la gari tangu asubuhi, yaweza kuwa kaburi. Rangi yake haitabadilika wala harufu. Utalipa pesa zako kamili, utapaka mbegu, na utakuwa umezipaka maiti.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo wakulima wengi wanapoonewa. Mtu hujaribu msimu mmoja, haoni tofauti, anatangazia kijiji kizima kwamba mbolea hai ni utapeli. Kumbe utapeli, kama upo, ulikuwa katika rafu ya duka. Kwa hivyo unapoingia agroveti, tazama pakiti imewekwa wapi. Soma tarehe ya kwisha. Uliza ni ya mmea gani, kwa kuwa ya soya si ya maharagwe, na bakteria wa mmea mmoja huenda asiutambue mwingine kabisa. Muuzaji akikujibu kwamba zote ni sawa, mshukuru, ondoka.

Nyumbani, iweke mahali pa baridi penye kivuli hadi siku ya kupanda. Siku hiyo, lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari au gundi iliyokuja na pakiti, nyunyiza unga wake kwa kipimo kilichoandikwa, ukoroge taratibu hadi kila mbegu ipate kanzu yake. Fanya kazi hii kivulini. Panda mara moja kwenye udongo wenye unyevu na ufukie bila kuchelewa. Usizichanganye na mbolea ya chumvichumvi ndani ya debe moja, na ujihadhari na mbegu zilizopakwa dawa ya kuua kuvu, kwa maana dawa nyingine haziwabagui bakteria wema. Tena nawe, ukimaliza, nawa mikono kama kawaida.

Shambani hakumwagwi tembe

Natarajia kwamba baada ya kusoma haya, atatokea mjanja sokoni na chupa ya "vitamini ya udongo" kwa shilingi mia tano. Usinunue. Na usimwage hamira yako ya mahamri shambani. Viwango vinavyohitajika ni vya chini mno, na udongo ulio hai hujipikia. Mizizi hutoa vitamini, Azotobakta na wenzake hutoa, na samadi iliyooza vizuri ina vitamini nyingi za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa tumboni mwa ng'ombe na wa lile rundo lenyewe. Mkulima anayerudisha samadi na mabua shambani mwake anawalisha raizobia bila kujua jina la biotini. Anayechoma mabua kila msimu na kuuacha udongo mtupu ndiye anayekifunga kijiji jikoni.

Tena vitamini si jambo pekee. Bakteria hawa wanahitaji fosforasi nyingi kupitia kwa mmea, na mashamba mengi ya magharibi ya Kenya yana upungufu wake. Wanachukia udongo wenye asidi kali, na dawa yake ni chokaa ya kilimo baada ya kupima udongo. Ile mashine yao ya kunasa naitrojeni, ambayo ni kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi, hutengenezwa kwa chuma na madini ya molibdenamu. Na kuna kobalti: mwaka 1960 watafiti Ahmed na Evans walionyesha kwamba soya inayotegemea vinundu hudhoofika ikikosa kobalti, kwani raizobia huitumia kutengeneza vitamini B12. Unaona kinyume hicho? Kiumbe anayeomba biotini kwa jirani anajua kutengeneza B12, kitu ambacho wewe na mimi, hata na huyo mbuzi, hatuwezi. Mbuzi hutengenezewa na bakteria wa tumboni mwake. Nasi huipata kwenye nyama, maziwa na mayai.

Jambo lingine ambalo huwashangaza watu ni hili: ukiyamwagia maharagwe mbolea nyingi yenye naitrojeni kama vile yuria, vinundu hupungua. Mmea ukishapata chakula cha bure mlangoni, haugharimiki tena kumlisha mgeni. Mtu anayenunua pakiti ya raizobia na gunia la yuria kwa shamba moja la soya amelipa mara mbili ili apate kimoja.

Nami sitaki kukupa matumaini ya uongo. Maharagwe ya kawaida si hodari sana kwa kazi hii ukiyalinganisha na soya au kunde, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyonaswa huishia ndani ya punje unazozivuna. Kwa hiyo mahindi ya msimu ujao yatapata msaada, hasa ukiacha mizizi na majani shambani, lakini hayatashiba kwa hayo tu.

Kata kinundu uone

Kujua kama wageni wako wanafanya kazi hakuhitaji maabara. Subiri maharagwe yanapoanza kutoa maua. Chimba mimea michache kwa jembe au panga ukizunguka shina. Usiivute, kwa sababu ukivuta vinundu vitabaki ardhini na utadhani hakuna. Suuza mizizi polepole ndani ya karai la maji. Vinundu vya kweli vimekaa ubavuni mwa mzizi na hutoka kwa kuguswa na ukucha. Uvimbe ambao ni mzizi wenyewe umefura na haubanduki, huo ni wa minyoo ya mizizi, na ni shida nyingine ambayo afisa wa kilimo wa wadi yako anapaswa kuelezwa.

Kisha kata vinundu kadhaa katikati kwa wembe. Ukiona rangi ya waridi au nyekundu kama ya nyama, kazi inaendelea. Rangi hiyo inatokana na kitu kinachofanana na damu yetu, kinachodhibiti hewa ya oksijeni ili ile mashine isiharibike. Ukiona weupe, huenda kinundu bado ni kichanga au bakteria waliomo ni wavivu. Ukiona kijani au kijivu, kazi imekwisha. Waite watoto waone. Ni somo la sayansi ambalo halina karo.

Vikiwa vyekundu na vingi, weka pesa zako za yuria mfukoni. Vikiwa vyeupe na vichache, anza kuuliza maswali kwa mpangilio huu: pakiti ilikuwa hai? Udongo umepimwa asidi? Fosforasi ilitiwa? Samadi mara ya mwisho ilikuwa lini? Na siku ya kuvuna, kata mashina juu ya ardhi kwa panga badala ya kuyang'oa, mizizi ibaki ioze pale pale ilipo. Wale bakteria walio hai watarejea udongoni, wangoje mbegu ya mvua zijazo.